Mikono Iliyoombewa

Nani alimwambia metroni? Swali hilo nilikula nalo, nikalala nalo, na asubuhi nilipoamka nililikuta limeamka kabla yangu. Tulikuwa watu wanne na mshauri wetu wa tano, mlango umefungwa, simu zote ziko ndani ya bakuli la chuma kwenye dirisha. Nilisema neno moja humo ndani. Siku chache baadaye nililisikia likisemwa kwa sauti kwenye korido ya hospitali, mbele ya wafanyakazi wote, macho yakiwa yamefumbwa.

Nilikuwa nesi wa wodi ya watoto katika hospitali ndogo ya binafsi huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Sitasema ni ipi. Nilikuwa na digrii, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wangu walilitaja kana kwamba ni ugonjwa, na nilikuwa na tabia ya kuuliza kwa nini. Kwa nini daktari mmoja anahesabiwa zamu katika hospitali mbili kwa wakati mmoja? Kwa nini tunaandika kwamba mgonjwa ameonwa kabla hajaonwa? Walinivumilia kwa sababu moja tu: nilikuwa napata mishipa.

Mtoto aliyeharisha mchana kutwa mishipa yake hujificha. Unamfunga mkono, unaupapasa, unaona ngozi tu. Watu wa wodi nyingine walikuwa wananiita niwatilie dripu watoto walioshindikana, na mimi nilikuwa nakwenda, nafumba macho kidogo, nasikiliza kwa ncha ya kidole, nadunga mara moja. Damu inaingia kwenye kanula, ile mirija ya sindano ya dripu, mama mtu anapumua. Sijui furaha nyingine inayofanana na hiyo.

Nadhani nilijifunza kwa mama. Mama ni fundi cherehani, ana kibanda chake Shauri Moyo, anashona sare za shule. Macho yake yalianza kumchosha nikiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo kazi yangu ikawa kumtungia uzi kwenye sindano. Alikuwa ananipa sindano bila hata kunitazama, kama mtu anayemkabidhi mwenzake chumvi mezani, na mimi naitunga, namrudishia. Hata nilipohitimu chuo kikuu, hata nilipoanza kazi, Jumamosi nikitoka kwangu Ziwani kwenda kumsalimia kibandani, mkono wake ulinyooka na sindano kabla ya salamu kwisha.

Siku moja mtoto mmoja aliletwa mchana. Alikuwa msichana ambaye hajaanza kutembea, amefungwa ndani ya leso, macho yamezama. Mama yake alisema ameharisha tangu jana na kwamba zahanati ya kwanza waliyokwenda ilikuwa imefungwa. Nilijaribu mkono wa kulia, wa kushoto, miguu, kichwa. Mwenzangu, klinikolofisa wa zamu, tabibu aliye chini ya daktari, alikuwa anampigia daktari simu, na daktari alikuwa katika ile hospitali yake nyingine. Nilirudi mguuni. Nilijua mtoto amekwenda kabla ya mtu yeyote chumbani, kwa sababu mguu wake ulikuwa mkononi mwangu.

Baba yake alifika akitoka kazini, nguo zimejaa vumbi la mbao. Aliuliza jambo moja: "Nani alikuwa anamdunga?"

Wote walinitazama, na hilo likawa jibu.

Hakunipiga. Ningependa watu waelewe hilo, kwa sababu baadaye ilisimuliwa kwamba nilipigwa. Alinishika vifundo vya mikono, akaniburuta hadi sehemu ya kusubiria ambako wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, akaiinua mikono yangu juu kama mtu anayeonyesha kitu alichokamata. "Itazameni," alisema. "Itazameni vizuri. Mikono hii ndiyo imemmaliza mtoto wangu."

Watu walitazama. Wengine walitoa simu wakarekodi. Askari wa mlangoni alikuja, akaanza kuvifungua vidole vya yule baba kimoja baada ya kingine, akimwambia, "Pole mzee, pole baba, niachie huyu, pole."

Yule baba sijamkasirikia mpaka leo. Angeshika mikono ya nani?

Metroni wetu, mkuu wa manesi, alinikalisha ofisini kwake, akanipa chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Sote tulimwita Mama, na yeye alituita wanangu. Alikuwa wa dhehebu letu pia, ingawa alisali katika kanisa la mtaa mwingine, na wakati fulani mama yangu aliponiletea chakula kazini walisalimiana kwa zile salamu ndefu za watu wa kanisa na wakagundua wanafahamiana kwa mbali. Alinishika bega. "Kunywa, mwanangu," alisema. "Ukimaliza, kuna mtoto kitanda cha dirishani anahitaji dripu."

Nilikunywa. Nilikwenda. Dripu hiyo niliitia bila shida, kwa hiyo nilidhani nimepona.

Kesho yake mtoto alilia, nikashika sindano, na mikono yangu ikaanza kutetemeka. Kikombe sikukimwaga. Kalamu niliishika vizuri. Ilikuwa ni sindano tu. Nilitia mkono mfukoni, nikajifanya natafuta pamba. Klinikolofisa alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Alikuwa kijana wa rika langu, mzaliwa wa Eastlands kama mimi, na hakuna siku niliyomwona amekosa la kuchekesha.

"Lete hiyo, siz," alisema. "Leo niko na mkono wa bahati."

Akadunga yeye. Siku iliyofuata pia. Tukawa na utaratibu wetu bila kuuzungumzia: mimi namshika mtoto, yeye anadunga, na mtu akiingia mimi ndiye niliyeshika trei. Tulijua kwa nini tunaficha. Nesi asiyeweza kutia dripu hakai wodi ya watoto, na mimi nilitaka kukaa. Hakuna kitu kingine nilichotaka wakati ule, wala mume, wala kwenda ng'ambo kama wenzangu waliokuwa wanajaza maombi ya kazi kila wiki. Nilitaka mikono yangu irudi kabla metroni hajajua kwamba imeondoka.

Jumamosi nilikwenda Shauri Moyo. Mama alinyoosha mkono na sindano, kama kawaida. Niliichukua. Nililamba uzi, nikaulenga, ukapita kando. Nikaulenga tena. Mama aliacha kukanyaga cherehani.

"Una nini?"

"Nimechoka tu."

Alinitazama juu ya miwani. Habari za yule mtoto nilikuwa nimemwambia kwa ufupi, na za yule baba pia. "Kumbe hata mikono imegoma," alisema. "Nayo ni mwanachama wa chama chenu cha manesi?"

Tulicheka. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, nikayafutia kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Mama akaichukua sindano, akaitunga mwenyewe, polepole, akiisogeza mbali na uso kisha karibu. Hakuniuliza kitu kingine. Mama si mtu wa kumchimba mtu, na siku hiyo niliona ile ni heshima kubwa kuliko zote alizowahi kunipa.

Hospitali ililiita jambo lile "tukio". Kifo cha mtoto hakikuwa tukio, hicho kilikuwa kifo. Tukio lilikuwa ile video. Ilipoanza kuzunguka kwenye simu za watu, wakubwa walikaa kikao, na matokeo yake yalikuwa mshauri nasaha. Sikumwamini hata kabla sijamwona. Nilijiuliza: kama wanatujali, kwa nini wasiongeze daktari? Kama huyu ameletwa kwa ajili yetu, kwa nini ameletwa baada ya video na si baada ya mtoto?

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye suti ya kijivu na kisanduku cha tishu. Alitukalisha katika chumba cha mazoezi ya viungo, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, kati ya mipira mikubwa ya mazoezi. Tulikuwa mimi, klinikolofisa, yule askari, na nesi mwenzangu wa wodi ya watoto, mama mtu mzima wa kutoka Komarock, mke wa dereva wa matatu, ambaye alikuwa amefanya kazi hapo tangu hospitali ikiwa nyumba ya kawaida iliyotiwa vitanda. Alikuwa mwombaji. Wagonjwa walipozidiwa, midomo yake ilicheza.

Mshauri alipitisha bakuli la chuma, lile la kuwekea vifaa vilivyochemshwa, akasema tutie simu zetu humo. Kisha akasema, "Kinachosemwa hapa kinabaki hapa. Hakiendi kwa mkubwa wenu, hakiendi nyumbani. Mnaniahidi?"

"Na hizi kuta, madam?" askari aliuliza. "Hizi ni mbao. Upande wa pili ni stoo, na mwenye stoo hana kazi nyingi."

Tulicheka, mshauri naye akacheka, na kila mmoja akaahidi kwa zamu.

Kikao cha kwanza hatukusema kitu cha maana. Mama wa Komarock alisema anamshukuru Mungu. Klinikolofisa alisema yeye yuko freshi, labda mshahara ndio umeathirika kisaikolojia. Mimi nilimuuliza mshauri kama kuna ushahidi kwamba kukaa duara kunasaidia. Alisema, "Swali zuri," akaandika kitu.

Kikao cha pili, askari ndiye aliyeanza. Alikuwa mzee kidogo, mwili mkubwa, ambaye sikuwahi kufikiri ana jambo la kusema zaidi ya "fungua mkoba".

"Vidole vya yule mzee vilikuwa baridi," alisema, akiitazama sakafu. "Nilikuwa navitoa kimoja kimoja kwa mkono wa sista, nikaona kama namuibia. Kama namuibia kitu cha mwisho alichonacho. Sasa nikimshika kijana wangu mkono tuvuke barabara, namwachia. Ananiuliza, baba, mbona unaniachia?"

Hakuna aliyetoa mzaha. Na mimi, ambaye nilikuja nimejifunga kila upande, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mikono yangu imegoma."

Nikaeleza yote. Sindano, kilio, mkono mfukoni, utaratibu wetu na klinikolofisa, ambaye aliniitikia kwa kichwa kwamba endelea, usinifikirie mimi. Nilisema naogopa kwamba yule baba alisema kweli. Nilisema nikitolewa wodi ile sijui nitakuwa nani. Mama wa Komarock alivuta kiti chake, akaichukua mikono yangu yote miwili, akaiweka mapajani mwake kama anayepokea mtoto, akakaa nayo hivyo hadi kikao kikaisha. Hakuomba. Nilimtazama midomo, haikucheza.

Ni lazima niseme ukweli hapa, ingawa unaniharibia hoja: kile kikao kilinisaidia. Usiku ule nililala kama mtu aliyebebwa. Kesho yake nilimtilia dripu mtoto mmoja mwenyewe, na siku iliyofuata mwingine, mkono ukitetemeka lakini ukifika. Nilianza kufikiri kwamba labda mimi ndiye niliyekuwa na kiburi, labda watu wakikaa pamoja wakasema kweli kuna kitu kinatokea ambacho hakikuwa kwenye vitabu vyangu. Niliamini. Ndiyo sababu kilichofuata kiliniingia hadi kwenye mfupa, maana asiyeamini huwezi kumsaliti.

Kila asubuhi kabla ya kupokezana zamu tulikuwa na ibada fupi kwenye korido, tumesimama, wanaoondoka upande mmoja na wanaoingia upande wa pili. Metroni ndiye aliyeongoza. Siku ile tuliimba, akasoma mstari, akatuambia tufumbe macho.

"Bwana," alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "tunamleta mbele zako binti yako wa wodi ya watoto. Wewe unamjua, Baba. Mikono yake imegoma. Mikono uliyomuumbia, leo haishiki sindano. Kila roho ya hofu iliyoikamata ile mikono, iachilie, katika jina la Yesu."

"Amina," walisema watu wote. Mwanafunzi mmoja wa unesi alisema "Amina" mara mbili.

Nilifumbua macho. Nilitaka kuona nani hakushangaa. Lakini wengi walikuwa wamefumba, na waliofumbua walikuwa wananitazama mikono. Klinikolofisa alikuwa amekaza taya. Mama wa Komarock alikuwa analia, lakini yeye hulia kwenye maombi yote.

Nimesoma mambo mengi kuhusu siri na jinsi zinavyovuja. Sikuwahi kusoma kwamba siri inaweza kutolewa hadharani na kila mtu akajibu amina, na ukilalamika wewe ndiwe mwenye dhambi. Ungekuwa umbea ningemkabili mtu. Ungekuwa ripoti ningekata rufaa. Lakini maombi? Utasema nini? Kwamba hutaki kuombewa?

Kufikia saa ya chai hospitali nzima ilijua. Nesi mmoja wa wodi ya wanaume aliniuliza kwenye foleni, "Sista, leo mikono imeamkaje?" Mwingine akamjibu badala yangu, "Bado iko kwenye mgomo, inangoja serikali iitishe mazungumzo." Walicheka, na katika siku za kawaida ningecheka pia, maana mzaha ulikuwa mzuri. Mama mmoja mwenye mtoto kitanda cha mlangoni, ambaye alisikia kutoka kwa msafishaji, aliniona nakuja na trei akamkumbatia mtoto wake. "Samahani, sista," alisema kwa upole. "Hakuna sista mwingine?"

Alasiri metroni aliniita. Chai ilikuwa tayari mezani.

"Mwanangu," alisema, "mbona hukuniambia mwenyewe?"

"Nani alikuambia, Mama?"

"Hilo si muhimu."

"Kwangu ni muhimu."

"Nililetewa na mtu anayekupenda." Alinisogezea kikombe. "Sikiliza. Nimezungumza na utawala. Utakaa dirisha la kadi kwa muda, upumzike. Ni kwa faida yako."

"Nimetia dripu mbili wiki hii."

"Na ya tatu ikikataa? Na baba mwingine akija?" Aliuliza kwa huruma ya kweli, hilo silikatai. "Hatuwezi kuona tukio lingine."

Niliondoka bila kunywa chai yake. Kwenye kabati langu nilitoa makasi, saa ya kifuani na viatu vya wodini. Mtu anayekupenda! Katika lugha ya hospitali yetu hilo lingeweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kukusengenya.

Kikao cha tatu kilikuwa cha mwisho. Tulikaa duara, bakuli likapitishwa, na hakuna aliyetia simu.

"Mimi nasema mapema," klinikolofisa alisema, "si mimi. Mimi mwenyewe nimeandikiwa onyo kwa kuficha. Ningejichoma?"

"Kwani nani amekutaja?" askari aliuliza.

"Macho yamenitaja."

"Basi mimi?" Askari aligeuka kwangu. "Sista, mimi nimesema mambo ya kijana wangu hapa. Nitaanzaje?"

Wote tukajikuta tunamtazama mama wa Komarock, na yeye alijua kwa nini. Nani mwingine anapeleka mambo kwenye maombi?

"Mimi huomba," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini huomba peke yangu. Mwanangu, niangalie. Niangalie usoni."

Nilimwangalia. Sikuona kitu. Uso wa mtu haujaandikwa chochote, hayo ni mambo ya hadithi.

Mshauri aliinua mkono kutunyamazisha. "Hisia za kusalitiwa," alisema, "ni za kawaida kabisa baada ya tukio kama hili."

"Na kusalitiwa kwenyewe?" niliuliza. "Nako ni jambo la kawaida?"

Hakusema "swali zuri". Alikusanya tishu zake, na nadhani aliandika kwamba kundi limefikia tamati, kwa sababu hatukuitwa tena.

Niliwapitia mmoja mmoja kichwani, kila siku, nimekaa nyuma ya kioo nikiwauliza watu majina na umri. Mwenye stoo nilimtoa haraka, siku ile alikuwa likizo. Mshauri? Alilipwa na hospitali, na anayelipa huuliza ananunua nini. Klinikolofisa angeweza kusema kwa kunionea huruma, akajifanya ameumia. Askari alikuwa anapiga gumzo na dereva wa metroni. Mama wa Komarock alikuwa na midomo ile. Kila mmoja nilimtia hatiani asubuhi na kumwachilia jioni. Jambo moja tu sikulitilia shaka, mimi ninayetilia shaka kila kitu: kwamba ilitoka ndani ya chumba kile. Metroni alitumia neno langu. Hakusema natetemeka, hakusema naogopa. Alisema mikono imegoma. Neno hilo nilikuwa nimelitoa mahali pamoja tu.

Nyuma ya ukuta wa dirisha la kadi ndiko kulikokuwa na wodi ya watoto. Nilikuwa nasikia wakilia. Mtoto anapotafutwa mshipa ana kilio chake, kirefu, kinachopanda kisha kinakatika ghafla dripu ikiingia. Nilijifunza kuhesabu kwa sikio ni mara ngapi wamedunga kabla hakijakatika. Mara nyingine hakikukatika kwa muda mrefu, na mimi mikono iko juu ya kibodi, imetulia kabisa, haina kasoro.

Jumamosi niliyamwaga yote kwa mama. Nilikaa kwenye kigoda kibandani nikawataja wale watu mmoja mmoja, nikawalaani kwa Kiswahili na kwa Kikikuyu. Nilisema sitawahi tena kukaa mahali nikamwambia mtu kilicho moyoni, awe na tishu au asiwe nazo. Mama alisikiliza. Alikuwa anapinda ukosi wa shati. Hakunipa sindano siku hiyo. Alikuwa ameshaitunga kabla sijafika.

"Labda metroni alitaka kukusaidia," alisema mwishowe.

"Kunisaidia kwa kunitangaza?"

"Mtu akiombewa hatangazwi."

"Mama, nimeondolewa wodini."

Alikanyaga cherehani kidogo, akaacha. "Mwachie Mungu."

"Mungu yupi? Yule wa metroni?"

"Usiseme hivyo," alisema, na sauti yake ilitetemeka. Nilidhani nimeikosea imani yake, nikanyamaza kwa ajili hiyo.

Niliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Nilipata kliniki upande wa Komarock, ya chanjo na vidonda, ambako hakuna anayetafuta mshipa wa mtoto. Chanjo unadunga paja, paja halijifichi. Mikono ilitetemeka, kisha ikatetemeka kidogo, kisha siku moja nilipokuwa naosha trei nikagundua sikumbuki mara ya mwisho. Hapakuwa na sherehe. Sijui nani nimshukuru: muda, au askari na kijana wake, au mapaja ya yule mama. Nikitaka kumshukuru namkumbuka pia kama mshukiwa, na shukrani inakwama.

Wodi ya watoto sikurudi. Mishipa ile sikuigusa tena. Kuna watu wanaosema ni kazi tu, kazi ni nyingi. Nawaacha waseme.

Kliniki ile nayo ilileta washauri wakati wa shida, na viti vilipangwa duara, na nilihudhuria kwa sababu mahudhurio yalikuwa ya lazima. Nilikuwa nasema niko sawa. Nesi mmoja msichana, aliyekuwa amempoteza mgonjwa wa kwanza, aliniuliza tukitoka, "Dada, wewe huwa husemi kitu, unafanyaje?" Nilimwambia anywe maji. Aliniangalia kama mtu aliyegonga nyumba akasikia watu ndani na mlango usifunguliwe.

Miaka imepita. Mama amefanyiwa upasuaji wa jicho moja, bado anashona kidogo, zaidi kwa kukataa kukaa bure. Jumamosi moja ya hivi karibuni nilipita kibandani, na kabla sijaketi mkono wake ukanyooka na sindano. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku zile. Niliichukua, nikalamba uzi, ukapita mara moja.

Mama aliushika mkono wangu, akaugeuza, akautazama upande huu na huu.

"Unaona?" alisema. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mungu si mwongo. Niliwaambia akina mama wa Jumatano, siku moja itarudi, na imerudi."

"Uliwaambia akina mama wa Jumatano?"

"Ushirika wetu. Si tulikuombea? Wakati ule ulipokuja hapa ukashindwa na uzi. Jumatano moja baada ya hapo nilisimama nikasema, mikono ya mtoto wangu imegoma, naombeni mnishike mkono. Wengine walilia."

Alilisema neno lile, imegoma, kama anavyolisema yeye, kwa mdundo ule ule aliolisema siku ya sindano, tulipocheka, kabla ya kikao cha pili, kabla sijalibeba neno lake hadi kwenye chumba cha mazoezi na kudhani ni langu.

"Na metroni alijuaje, mama?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza maji hutoka wapi.

"Si alikuwepo?" alisema. "Ndiye aliyetuhubiria siku ile. Mimi ndiye niliyempigia simu kumwalika, ili asikie habari zako."